Kupanua idara ya dharura kabla ya kushika tofali

Mama mkubwa alifika hospitali saa 2:10 usiku kwa bajaji, nimemshika kichwa kisigonge chuma kila tukipita tuta. Pumu ilikuwa imembana tangu alasiri. Nesi wa mlangoni alimtazama mara moja tu, hakuuliza kadi wala pesa, akamkalisha, akambana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, na baada ya dakika chache mvuke wa dawa ulikuwa unaingia kifuani. Mpaka hapo sina lalamiko hata moja. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nitoe simu na kuanza kuandika saa.

Daktari aliandika vipimo. Nikaenda dirishani kuchukua namba ya malipo, foleni. Nikalipa, nikarudi na risiti, nesi akachukua damu. Chupa ya damu ikakaa kwenye sinia la chuma ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara, ambayo iko jengo jingine ng'ambo ya ua. Majibu yalipotoka yalikaa hukohuko maabara yakisubiri ndugu wa mgonjwa ayafuate, na ndugu mwenyewe, yaani mimi, nilikuwa dirishani tena nikilipia eksirei. Saa 7:30 usiku daktari alisema alazwe. Tukasubiri kitanda cha wodi mpaka saa 1:00 asubuhi.

Nilijumlisha palepale kwenye benchi. Tangu kufika mpaka kulazwa ni dakika 650. Dakika ambazo kuna mtu alikuwa anamshughulikia mama mkubwa kweli, nikihesabu mvuke, kutolewa damu, eksirei na daktari kumsikiliza kifua mara mbili, hazikufika 60. Na usiku ule sikumwona nesi hata mmoja aliyepata nafasi ya kukaa.

Wahudumu wote wanakimbia, mgonjwa amekaa palepale. Jibu tunalolitoa haraka, viongozi na ndugu wa wagonjwa kwa pamoja, ni kwamba jengo ni dogo, viongezwe vyumba na vitanda. Kuna wakati ni kweli. Mara nyingi ni nusu tu ya ukweli, na nusu hiyo hula mabilioni ya shilingi, kisha foleni ileile inahamia kwenye ukumbi mpya wenye vigae.

Wajapani wana neno wanalolitamka kama letu: muda. Kwao maana yake ni upotevu, yaani kila kinachotumia nguvu bila kumwongezea chochote yule anayehudumiwa. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyejenga mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliutaja upotevu huo kwa aina saba, na nilipozisoma niliona kama alikuwa amekaa nami kwenye lile benchi: kusubiri, kusafirisha kitu huku na huko, kutembea bure, kurudia kazi iliyoharibika, kurundika. Ohno husimuliwa kwamba alikuwa akichora duara la chaki sakafuni kiwandani na kumsimamisha meneja ndani yake kwa saa nyingi, atazame tu, mpaka macho yake yaanze kuona.

Mwaka 1988 Mmarekani John Krafcik aliupa mfumo huo jina la Kiingereza, lean, lenye maana ya kitu kisicho na mafuta ya ziada, na kwa jina hilo ukaenea duniani. Hospitali zetu zimeuzoea zaidi kwa neno la Kijapani, kaizeni, yaani kuboresha kidogo kidogo bila kukoma, na mimi nitatumia hilo. Kiini chake hospitalini ni hiki: acha kumtazama mhudumu kama ana kazi ya kutosha, mtazame mgonjwa kama anasogea. Mambo hayo mawili hayafanani. Nesi anayetembea kwenda stoo mara 30 kwa zamu kufuata kanula, kile kimrija cha kuingizia dripu mshipani, stoo ikiwa hatua 40 kutoka kitandani, ametembea hatua 2,400 kwenda na kurudi. Amefanya kazi, amechoka, na mgonjwa hakupata lolote katika hatua hizo.

Mfano ninaoupenda ni wa Flinders Medical Centre, hospitali kubwa ya Adelaide, Australia Kusini. Mwaka 2003 idara yake ya dharura ilikuwa imefurika kiasi cha kutisha. Kama idara zote za Australia, ilikuwa ikipanga wagonjwa kwa triaji, yaani nesi mzoefu humkagua kila anayeingia na kumpa daraja la uharaka. Australia ina madaraja matano: la kwanza anaonwa papo hapo, la pili ndani ya dakika 10, la tatu dakika 30, la nne 60, la tano 120. Huku Afrika mfumo unaojulikana zaidi ni wa rangi, uliotengenezwa Cape Town, ambao humpa mwenye nyekundu huduma mara moja na mwenye kijani saa nne za kusubiri.

Hakuna ubaya wowote katika kumtanguliza aliye hatarini. Tatizo la Flinders lilikuwa chini ya hapo, kwa wale wa daraja la tatu, la nne na la tano, ambao ndio wengi. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu alikaa kwenye foleni, na kila alipoingia mgonjwa wa daraja la juu kidogo, yeye alirudishwa nyuma. Akiingia mwingine, anarudishwa tena. Foleni ilikuwa inapangwa upya usiku kucha, wahudumu wakitumia akili yao nyingi kuamua nani amruke nani, na mwenye mguu akichoka anaondoka bila kuonwa.

Walichofanya ni kukaa chini pamoja, madaktari, wauguzi, makarani, wakachora kwenye karatasi kila hatua anayopitia mgonjwa tangu mlangoni. Inashangaza jinsi jambo dogo kama hilo halikuwahi kufanyika: kila mtu aliijua hatua yake, safari nzima haikuwa na mtu aliyeijua. Baada ya mchoro wakaamua kugawa mto katika mifereji miwili. Nesi wa triaji anapomaliza kukagua, anajiuliza swali moja la ziada: huyu ataelekea kurudi nyumbani leo, au ataelekea kulazwa? Wa nyumbani wanakwenda upande mmoja wenye wahudumu wake, wa kulazwa upande mwingine. Walio hatarini bado wanaonwa kwanza. Wengine wote, ndani ya mfereji wao, wanaonwa kwa kufuata nani aliwahi kufika.

Fikiria saluni yenye foleni moja, ambamo anayetaka kupunguzwa nywele za mbele amekaa nyuma ya watatu wanaosuka rasta. Msusi hata awe na mikono minne, yule wa nywele za mbele atalala pale. Mpe kiti chake na mtu wake, ataondoka baada ya robo saa, na wa rasta hawatacheleweshwa hata kidogo. Flinders iliona hivyo hivyo. Muda wa wagonjwa kukaa idarani ulipungua na idadi ya waliokata tamaa na kuondoka ikashuka. Hawakuanza kwa kumwaga zege.

Kwa nini kupunguza kusubiri kunafanana na kuongeza jengo? Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila mganga mfawidhi aibandike ukutani. John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu waliomo ndani ni wanaoingia kwa saa, zidisha kwa saa anazokaa kila mmoja. Idara inayopokea wagonjwa 8 kwa saa, kila mmoja akikaa saa 5, itakuwa na wagonjwa 40 ndani kwa wastani. Punguza kukaa kuwe saa 4, waliomo watakuwa 32. Nafasi nane zimepatikana, na hakuna fundi aliyeitwa.

Kuna hesabu ya pili, nayo inaumiza zaidi. Chukua lile dirisha la malipo lenye karani mmoja, watu wakija bila mpangilio na kila mmoja akichukua muda wake. Karani akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda, kwa wastani watu dirishani, pamoja na anayehudumiwa, watakuwa 4. Akiwa na shughuli asilimia 90, watakuwa 9. Asilimia 95, ni 19. Yaani nyongeza ndogo ya mzigo, ambayo kwenye taarifa ya mwezi inaonekana kama ufanisi mzuri, inazidisha foleni maradufu. Ndiyo maana idara iliyojaa haiendi polepole kidogo tu kuliko ilivyokuwa; inakwama kabisa. Na ndiyo maana anayedhani kaizeni ni kuhakikisha hakuna mhudumu anayepumzika ameielewa kinyume. Idara ya dharura lazima iwe na nafasi iliyo wazi na mikono iliyo huru, kwa sababu basi likipinduka saa tisa usiku haliombi miadi.

Sasa tuseme hesabu zote zimefanyika na jengo bado halitoshi. Hapo kaizeni inakuwa njia ya kusanifu, na ndipo inapofurahisha. Akron Children's Hospital, hospitali ya watoto huko Ohio, Marekani, ilipokuwa inapanga jengo jipya lililofunguliwa 2015, lenye idara mpya ya dharura ndani yake, haikuwaachia wasanifu wachore peke yao kisha wauguzi waoneshwe picha nzuri. Walichukua ghala, wakasimamisha kuta za maboksi kwa ukubwa halisi wa vyumba. Wauguzi, madaktari na wazazi wa watoto waliokuwa wamewahi kutibiwa pale wakaingia na kuyatembea.

Boksi lina faida ambayo ramani haina. Kwenye ramani mlango wa mita moja na robo unaonekana mpana. Sukuma machela halisi yenye mgonjwa, mtungi wa oksijeni na nesi anayeshika dripu juu, ndipo utajua kama kona inapindika. Ukuta ukikosea, unaukata kwa kisu cha mezani na kuusogeza, saa hiyohiyo. Ukuta wa tofali ukikosea, utaishi nao miaka 40, na kila nesi atakayeajiriwa atafundishwa jinsi ya kuuzunguka.

Kabla ya maboksi huja kitu ambacho naweza kukiita mchoro wa tambi. Unachukua ramani ya idara iliyopo na penseli, unamfuata nesi mmoja kwa saa mbili, kila anapokwenda unavuta mstari. Mwisho wa saa hizo karatasi inafanana na sahani ya tambi, na pale mistari ilipoviringana pakawa peusi ndipo jengo linapoiba miguu ya watu. Mara nyingi ni njia ya stoo, maabara, au kwenye simu. Kutokana na mchoro huo maamuzi ya usanifu yanajitokeza yenyewe: kabati la kanula, sindano na glovu lirudi kando ya kitanda, kipimo cha malaria na cha sukari kifanyike palepale, vyumba vyote vipangwe kwa namna moja, oksijeni upande uleule, droo ileile, ili anayeingia kumwokoa mtu asianze kutafuta, mlango wa magari ya wagonjwa usiwe mlango wa wanaotembea. Na si kila mgonjwa anahitaji kitanda. Anayeweza kukaa apewe kiti kizuri cha kuegemea, kwa maana viti vitatu vinakaa pazuri palipokuwa na vitanda viwili, na mtu aliyelazwa kitandani bila sababu husahaulika haraka kuliko aliyekaa akikutazama.

Kwa glovu na dripu kuna mbinu ya makasha mawili ambayo kila duka la mtaani lingeielewa. Unatumia la mbele mpaka liishe, unavuta la nyuma, na lile tupu linakuwa ndiyo oda yenyewe: mtu wa stoo akiliona mahali pake anajua la kujaza, bila fomu na bila kupigiana simu. Nimeona jinsi inavyosikitisha nesi kuomba kanula kitanda cha jirani huku mtoto analia.

Tanzania haianzi sifuri katika haya. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kufanyia kazi mfumo wa S tano kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Japani la JICA, wakichukua mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street iliyoko Colombo, Sri Lanka, ambayo iliweza kubadilika bila kuwa tajiri. Kutoka Mbeya mfumo ukasambaa hospitali nyingine, na S zenyewe zikapata Kiswahili chake kizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Muhimbili nayo ilifungua idara yake ya magonjwa ya dharura mwanzoni mwa 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza nchini. Kisha mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, na sehemu yake ikajenga majengo ya EMD, yaani idara za magonjwa ya dharura, katika hospitali za mikoa na wilaya.

Kwa hiyo majengo tunayo kuliko wakati wowote. Ninachokiogopa ni kuona S tano zikiishia kwenye S ya tatu. Makabati yana vibandiko, sakafu inang'aa, ubao wa matangazo umepangwa vizuri, na chupa ya damu bado imekaa kwenye sinia inasubiri mtu. Usafi na mpangilio ni kutayarisha uwanja tu. Mchezo ni mtiririko wa mgonjwa, na mtiririko unagusa mambo ambayo nesi wa dharura hawezi kuyabadilisha peke yake: dirisha la malipo liko wapi, nani ana jukumu la kubeba sampuli, majibu yanamfuata daktari au ndugu ndiye anayeyafuata.

Kaizeni pia imewahi kuharibika, na ni haki kulisema. Saskatchewan, jimbo la Kanada, lilisaini mwaka 2012 mkataba wa takriban dola milioni 40 na washauri wa nje ili kuieneza katika hospitali zake zote. Wauguzi wakalalamika kwamba wanapimwa kwa saa ya mkononi na kuitwa kwenye warsha huku wodi hazina watu, na mkataba ukakatishwa kabla ya kufika mwisho. Mwaka 2020 dunia nzima ikaona tena upande mwingine wa hatari: hospitali zilizojifunza kutoweka akiba kabisa ziliishiwa barakoa katika wiki za mwanzo za korona. Akiba ya kitu ambacho kukikosa kunaua haimo katika upotevu wa Ohno. Na badiliko lolote ambalo wafanyakazi wamelisikia kwenye semina, bila wao kulichora, hufa siku msimamizi akihamishwa.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote kiko mbali na mlango wa dharura. Wanaofanya kazi huko wanakijua vizuri: mgonjwa ameshaonwa, ameshapimwa, imeamuliwa alazwe, na hakuna pa kumpeleka. Anabaki kwenye machela ya dharura, akitumia oksijeni ya dharura na nesi wa dharura, na nyuma yake mlango unaendelea kufunguka. Ukiongeza machela 10, wiki chache baadaye zitakuwa na watu 10 wanaosubiri wodi. Hapo kipimo cha idara ya dharura kinakuwa saa ambayo wodi zinaruhusu wagonjwa wake. Daktari wa wodi akipita saa nne asubuhi, akaandika ruhusa saa sita, dawa za kwenda nazo zikatoka saa nane, bili ikafungwa saa kumi, kitanda hicho kinapatikana jioni, wakati idara ya dharura imeshajaa tangu mchana. Hospitali zinazolifanyia kazi jambo hili huanza kupanga ruhusa siku moja kabla: wanaotarajiwa kuondoka kesho wanajulikana leo, bili zao zinafunguliwa leo, ndugu zao wanapigiwa leo, na daktari akianza mzunguko anawapitia wao kwanza. Halihitaji jengo. Linahitaji mhasibu, mfamasia, daktari wa wodi na nesi wa dharura wakae meza moja, na mwenye mamlaka akae nao.

Ningekuwa na uwezo, ningeomba kila EMD mpya ifanye kitu kimoja kwa wiki moja tu. Kila machela ifungiwe karatasi yenye mistari saba: amefika, ameonwa na nesi, ameonwa na daktari, sampuli imetoka, majibu yamerudi, uamuzi umetolewa, ameondoka. Kila anayemgusa mgonjwa aandike saa. Ijumaa karatasi zimwagwe mezani.

Mama mkubwa alipata nafuu na sasa anapumua vizuri. Kitanda alichopewa saa 1:00 asubuhi kilikuwa cha mwanamke aliyeruhusiwa tangu saa 9 alasiri ya siku iliyotangulia. Tulimkuta amekikalia, amejifunga khanga ya kurudia nyumbani, mfuko wake uko magotini. Alikuwa amekesha hapo akisubiri bili yake ipigwe muhuri.